Bakuli la Jirani wa Nuu

Mwaka jana nilikaa miezi minne nikichungulia vitako vya mabakuli ya Kichina kwenye simu. Nina duka dogo la kutengeneza pampu za kunyunyizia mashamba hapa Kibwezi, na kila mteja alipoondoka nilirudi kwenye simu yangu. Jirani anayeuza mipira ya maji alidhani nimepata mwanamke. Nilimwacha adhani hivyo. Ingekuwa kazi kubwa kumweleza kwamba natafuta bakuli la buluu na nyeupe, la zamani kweli, kabla mama yangu hajagundua uongo nilioufunga kwenye kitenge nikiwa na miaka kumi na minne.

Zamani tuliishi kijijini Nuu. Dada yangu mdogo alipofariki, mke wa mwenye duka alituletea wali kwenye bakuli la Kichina. Walikuwa Waislamu, watu wao walishuka kutoka kaskazini mashariki na mifugo wakaishia kufungua duka. Yeye na mama walikuwa marafiki wa kuketi pamoja jioni wakichambua ndengu na kusema watu. Sasa, kwetu Wakamba ukiletewa chakula, chombo unakirudisha na kitu ndani, hata kama ni mahindi ya mkono mmoja. Mwaka ule mvua haikunyesha na nyumbani hakukuwa na kitu cha kutia. Mama aliona aibu kulirudisha bakuli tupu. Akalifunga kwenye kitenge, akaliweka katika sanduku lake la mbao akingoja mavuno, na akaanza kupita njia ya nyuma ili asionekane dukani. Mavuno hayakuja. Baadaye tukahamia Kibwezi, ambako angalau kuna maji mtoni.

Wiki moja kabla ya kuhama nililitoa lile bakuli ninywee maji. Sikuwa na sababu, vikombe vilikuwepo. Likaniponyoka kwenye simiti. Vipande nikavitupa chooni, ndani ya kitenge nikaweka nusu ya kibuyu, nikafunga fundo kama lilivyokuwa. Mama hakulifungua tena. Mara mojamoja nilimwona akipapasa kile kitenge ndani ya sanduku kisha akifunga kifuniko. Nadhani aibu ndiyo iliyomzuia. Mimi sikuhisi kitu, na hilo ndilo lililonisumbua hata wakati ule. Dada yangu pia sikumlilia. Mambo hunifikia yakiwa yamepoa.

Mama sasa ana miaka themanini na kitu. Tangu apatwe na kiharusi miguu imekataa, na macho yameingia ukungu. Siku moja nikimlisha uji akashika mkono wangu na kuusukuma kando.

“Fungua sanduku, utoe bakuli la watu,” akasema. “Lijaze ndengu ulipeleke Nuu. Mimi sitaki kufa na chombo cha mtu.”

Nikamwambia tungoje ndengu zikauke shambani. Akakubali. Jioni hiyo nikaanza kutafuta.

Vitu vya kale vya Kichina vimejaa mtandaoni kama nyanya siku ya soko, na wauzaji wake wana maneno matamu. Lakini mimi sikuingia humo nikiwa mjinga. Baba yangu alikuwa mchongaji. Alichonga vinyago na viti vya miguu mitatu, akavisafirisha mpaka mji mdogo wa Salama akauza kando ya barabara kuu, watalii wakishuka kunyoosha miguu. Kiti kilichochongwa mwezi uliopita kiliuzwa kama cha babu yake. Alikipaka majani ya chai yaliyochemshwa, polishi ya viatu ya kahawia, akakitundika juu ya meko kipate moshi, kisha akatoboa matundu ya mchwa kwa msumari. Matundu hayo yalinichekesha nikiwa mtoto, kwa sababu mchwa hajui kutoboa akienda moja kwa moja. Watalii hawakujua hilo. Baba alikuwa mtu mwema, asiyekunywa, mzee wa kanisa, na aliwadanganya wageni kila Jumamosi bila kukunja uso.

Kwa hiyo niliyatazama mabakuli kwa jicho la mtoto wa mdanganyifu. Uzee wa kweli unakaa pale chombo kinaposuguana na dunia: chini kinaposimama, mdomoni kinaposhikwa. Uzee wa kupaka unaenea kila mahali sawasawa, maana mpakaji ana haraka. Muuzaji wa kwanza alikuwa na bakuli la mfalme, alivyosema, na cheti chenye mhuri mwekundu. Nikatazama bidhaa zake nyingine. Alikuwa na mabakuli kumi na moja, yote yamepigwa picha juu ya mkeka uleule, yote ameachiwa na babu. Babu huyo alikuwa na kabati kubwa. Wa pili, bakuli lake lilikuwa na mikwaruzo mingi ndani, lakini yote ilielekea upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa kwa waya wa kusugulia. Wa tatu nilimwomba apige picha ya kitako juani, na kiberiti kando ili nijue ukubwa. Akaniandikia kwamba mimi ni mtu asiyeamini watu. Hata mkweli hukasirika, hilo silo kosa. Ila kama unalo bakuli mkononi na jua liko nje, kupiga picha ni rahisi kuliko kugomba.

Nikaendelea hivyo wiki kwa wiki. Nilijifunza kwamba maandishi ya kitako hayathibitishi chochote, kwa sababu Wachina wenyewe walikuwa wakiandika majina ya wafalme waliokufa zamani, kwa heshima au kwa biashara. Nilijifunza kutosoma hadithi kabla ya kutazama picha. Nilikuwa mkali. Niliwauliza watu nisiowajua maswali ambayo sijawahi kujiuliza, na nikawahukumu wakati nakunywa chai.

Mwezi wa nne wa kutafuta nikampata mama mmoja wa mbali aliyekuwa akiuza vyombo vya kaka yake marehemu. Bakuli lake lilifanana kabisa na lile la Nuu: maua ya buluu yaliyochorwa kwa haraka, na katikati, ndani, duara lisilo na mng’aro mahali ambapo bakuli jingine liliketi juu yake kwenye tanuri. Nikamwuliza lina umri gani. Akajibu kwamba hajui. Mtu mmoja alimwambia miaka mia, mwingine akamwambia chini ya hapo, na yeye hana ujuzi. Kisha, bila kuulizwa, akasema lina ufa mwembamba usioonekana kwenye picha. Alikuwa ametia maji usiku kucha akaliweka juu ya gazeti, na alinitumia picha ya lile gazeti asubuhi, likiwa limelowa upana wa kidole kimoja.

Baba yangu asingeweza kufanya hivyo hata kwa kupigwa. Nikajua huyu ni mkweli, nikanunua. Nilipaswa kufurahi. Niliona tu kwamba kazi imekwisha, nikarudi kufungua pampu.

Lilipofika nililichukua kwenye ofisi ya vifurushi, nikalikagua dukani mlango ukiwa umerudishwa. Chembe za mchanga zilikuwa zimeganda kwenye kitako. Ukingo wa chini ulikuwa umelika, lakini pale tu linaposimama. Nililigonga kwa ukucha na sauti ikazimika mapema kwa sababu ya ule ufa. Kila kitu alichosema yule mama kilikuwepo, na ambacho hakusema hakikuwepo. Sikuwahi kushika kitu cha kweli namna ile.

Shida ni kwamba lile la Nuu lilikuwa na pengo mdomoni, dogo, ambalo mama alizoea kulipitishia kidole gumba siku zile za kwanza za msiba. Alikaa nalo hivyo kwenye kigoda, akisugua pengo, wali ukipoa. Hili la sasa mdomo wake ulikuwa mzima.

Nikachukua tupa ya kunolea panga. Nikalikwangua bakuli mdomoni mpaka pengo likatokea, jeupe kama jino. Weupe huo ungeonekana na mtu yeyote mwenye macho, na hata asiye nayo angeuhisi kwa ukali wake. Nikachemsha majani ya chai nikapaka. Nikapaka polishi kidogo ya kahawia, nikafuta, nikapaka tena, kisha nikaliweka jikoni kwangu juu ya moshi. Mikono ilifanya yenyewe, sikuhitaji kukumbuka. Nilikuwa na kitu cha kweli, na nilikaa nacho mchana mzima nikikighushi.

Nilimpelekea mama kesho yake likiwa ndani ya kitenge chake, kibuyu nimekichoma. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta. Akalifungua fundo mwenyewe kwa mkono mzima, akalishika bakuli mapajani. Kidole gumba kikatembea mdomoni mpaka kikafika kwenye pengo, kikasimama. Akaliinua akalinusa. Akalirudisha mapajani.

“Hii ni kazi ya baba yako,” akasema. “Alikuwa anawafanyia watalii. Mimi hakunifanyia hata siku moja.”

“Mwaitu,” nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama.

“Lile la watu liko wapi?”

Nikamwambia. Maji, simiti, choo, kibuyu. Nilisema kwa sauti ileile ninayowaambia wateja kwamba pampu yao haifai kutengenezwa. Hakunigombeza. Aliuliza kama nilijikata mkono siku ile, nikasema hapana. Kisha akasema nilijaze ndengu nilipeleke vilevile, lakini nikifika nimwambie mwenye bakuli kwamba si lake na kwamba pengo nimelitoboa mimi.

Nilifika Nuu siku ya soko. Duka sasa linaendeshwa na wajukuu, na nyuma yake, kwenye kibaraza cha uani, nikamkuta yule mke wa mwenye duka amelazwa kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Nikamsalimia, nikamtajia mama. Akanitaka nisogee, akanishika uso kwa mikono miwili, mimi mwenye mvi. Nikampa bakuli na ndengu zake, nikaeleza yote kama nilivyoagizwa: aibu ya mama, njia ya nyuma, lile la kwanza kuvunjika, hili la mtandaoni, tupa na chai.

Hakuliangalia bakuli. Alimwita mjukuu alipeleke jikoni.

“Kijana wangu, mimi chakula cha msiba sikupeleka nirudishiwe chombo,” akasema. “Kwetu hicho hakihesabiwi. Nilikuwa namngoja yeye. Niliona ananikwepa, nikasema labda nimemkosea. Nikajiuliza ni neno gani nilisema matangani.”

“Hukusema neno,” nikamwambia.

“Hata salamu za kuhama hakunipa.”

Nilikunywa chai yao. Nilipoondoka mjukuu alinipa lile bakuli tena, limejaa tende, kwa sababu na wao wamekaa na Wakamba miaka mingi. Nililibeba mapajani njia nzima.

Nyumbani nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha mama. Nilifikiria kumwambia tu kwamba limepokelewa. Angeamini, nadhani, au angeniacha nidhani ameamini. Nikamwambia maneno yote, hata lile la matangani. Mama hakulia. Alitafuna tende moja polepole kwa upande wa mdomo unaofanya kazi, akatema kokwa mkononi.

“Bado anatembea?” akauliza.

“Hapana, Mwaitu. Analazwa uani.”

“Haya,” mama akasema. “Na mimi sitembei.”

Akanipa ile kokwa nikaitupe.