Ngamia walirudishiwa majibu, wifi yangu hakurudishiwa

Admin, assalamu alaykum. Tafadhali jina langu lisionekane, hapa mtaani Iftin tunajuana sana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nimesoma hadi darasa la nane, na ni mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani. Nina donge moyoni, mnivumilie.

Mwaka jana walikuja watafiti wa ugonjwa unaopita kwenye maziwa mabichi ya ngamia, ule unaoumiza viungo na kuharibu mimba. Walitaka damu ya ngamia na damu ya wanawake wanaouza maziwa. Hakuna aliyewataka. Mimi ndiye niliyewatembeza nyumba kwa nyumba nikiwasomea wanawake fomu yao kwa Kisomali. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikataa kabisa. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na viungo vilikuwa vikimuuma kila siku. Nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, wallahi majibu utaletewa mkononi." Akanyoosha mkono kwa ajili yangu, si kwa ajili yao.

Miezi ikapita. Siku moja wakaja wale watafiti wa upande wa mifugo wakampa kaka karatasi, ngamia wagonjwa wameandikwa mmoja mmoja kwa majina yao. Ya wanawake, hakuna. Nikawapigia watafiti simu, binti mmoja akanijibu bila hata kunisalimia: "Mama, damu ile ilikuwa ya utafiti, si ya matibabu. Si fomu ilisema?" Akakata. Watu hawa walikunywa chai yangu, jamani.

Wifi akanikabili sokoni mbele ya wauza maziwa wenzake.

"Ngamia wangu anajulikana anaumwa nini. Mimi ninayekunywa maziwa yake sijulikani. Wewe na wageni wako mmeniweka chini ya mnyama."

Nikamwambia twende hospitali apimwe, nitamsindikiza. Akacheka.

"Damu nyingine? Na wewe tena?"

Tangu siku hiyo haitikii salamu yangu. Amesema hata siku akifa nisije kumwosha. Nililisha maskini kumi, kafara ya kiapo changu, nikamtumia habari. Akajibu kwamba hiyo ni yangu na Mungu, yake iko wapi?

Sasa niseme ninachoficha. Ule mstari ulikuwepo kwenye fomu, kwamba huenda mtu asipewe majibu yake. Niliuona. Kila nilipousoma wanawake wengi walifunga mlango, basi nilipofika kwa wifi nikauruka, nikaapa badala ya kuusoma. Niliamini majibu yatakuja. Mtaa mzima unawalaani watafiti, nami nalaani pamoja nao, na bado nawachukia.

Jumatatu wanarudi, wanataka niwatembeze tena. Nimewaambia wasikanyage mlango wangu. Lakini wifi ana mimba ya miezi minne, viungo bado vinamuuma, na hospitali hataki kuisikia kwa sababu ya kiapo changu, akiamini nako watamtoa damu wasimpe majibu. Nikimweleza kuhusu ule mstari, huenda ndiyo nimempoteza kabisa. Nikinyamaza, huenda akapoteza na huyu wa tatu.

Dada zangu, kaka zangu, mniambie kweli hata kama ni kali. Nikifika mlangoni kwake, nianze na neno gani?