Macho ya Shangazi

Shangazi, dada mdogo wa baba, alifika kwetu Majengo akikimbia vita, godoro kichwani, macho ya manjano. Amezaliwa nayo, alisema baba, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mama hakumpenda hata siku moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu alikuwa ametimiza miezi minne. Jembe alilishika, tusimsingizie: alifua, alipika, na sisi watoto alituchapa bila upendeleo.

Mimi nilimchukia kwa sababu ndogo tu. Alinikuta nyuma ya jiko nikila sambaza za baba, vile visamaki vya ziwani, akanisema mbele ya watu.

Kisha maji machafu yakatuletea hepatite, homa ya ini. Nusu ya mtaa iligeuka manjano. Wenzangu wakapona, macho yangu yakakataa. Mama akasema nimelishwa karuho, ile sumu inayobebeshwa lawama ya kila ugonjwa usioisha, akanipeleka kwa mzee anayetapisha watu. Nilikunywa majani yake hadi nikatapika nyongo. Halafu mzee akataka jina, maana bila jina la mlishaji dawa yake haishiki.

"Mutoto, sema. Nani alikupatia ile chakula?"

Nyumba nzima ilikuwa imenipa chakula. Nikasema, "Ni shangazi."

"Si munaona na macho yake!" mama akadakia.

Baba alimfukuza siku hiyohiyo. Hakumwachia hata nafasi ya kukunja godoro. Majirani walimsindikiza kwa mawe hadi barabara ya Kibati, kuliko na kambi ya wakimbizi, na mimi mgonjwa nilipata nguvu za kwenda kutazama. Nilifurahi. Sina sababu ya kujipamba leo.

Macho yalibaki vilevile. Mwezi uliofuata baba alinipeleka hospitali, na daktari akasoma karatasi zangu mara mbili. Hepatite imekwisha, alisema. Kilichobaki ni ugonjwa wa ini, wa nadra sana, mtu huzaliwa nao, waweza kujificha hadi ugonjwa mwingine uuamshe, unatembea katika ukoo na hauui. Sumu hakuna.

"Papa," akamuuliza baba, "kwenu hakuna mutu mwengine wa macho ya vile?"

Baba alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Hapana, docteur. Kwetu hakuna."

Siku sita baadaye vita vilifika Kibati, na shangazi hatukumwona tena. Siku zote hizo sita nilikuwa mzima, nakula vizuri, na sikusema neno.