Karibu Montevideo

Mwaka 1983 mtaa mzima wa Temeke ulimuaga mama yangu kwa wali wa nazi, na mchele wenyewe enzi hizo ulikuwa wa foleni. Alikuwa anakwenda kufanya kazi Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, huko Amerika ya Kusini.

Miezi mitatu baadaye alikuwa bado kakaa kibarazani.

Watu walishampa na jina. Abiria.

Ilikuwa hivi. Dada yake, Bernadeta, alikuwa yaya wa familia moja ya Wazungu. Familia ikahamishiwa Montevideo, ikaondoka naye. Barua zikaanza kuja, na picha kavaa koti zito. "Nimepata kazi ubalozini. Nafasi huku zipo tele, mdogo wangu. Karibu sana."

Mama, Apolonia, alikuwa anashona foronya kiwandani. Aliona wivu, siwezi kumfichia. Akajibu kwamba naye amekuwa msimamizi, wakubwa wanamsikiliza, na dada akichoka na baridi arudi tu, nafasi yake ipo.

Uongo mtupu.

Ila ile "karibu" ilimkaa rohoni. Akaacha kazi. Akagawa kitanda, meza, hadi sufuria. Kisha akaandika: "Nipo tayari. Tuma tiketi."

Kimya.

Hapo ndipo ilipokuja Nguvu Kazi, msako wa serikali. Huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa lori, unapelekwa mashambani. Mama kila akisikia lori anajifungia ndani. Hakuwa na tegemeo jingine zaidi ya tiketi ya dada yake.

Jumanne moja asubuhi, Bernadeta huyo mlangoni. Yeye mwenyewe, na sanduku moja.

"Dada, mbona hukusema unakuja?"

"Nimetaka nikushtukize. Nimepewa likizo ubalozini." Akatazama chumba kitupu. "Vitu vyako viko wapi?"

"Nahamia nyumba za kiwanda. Vimetangulia."

"Na leo hujaenda kazini?"

"Mie pia nipo likizo."

Wakakumbatiana. Mama alilia kwa furaha, maana alijua tiketi imo ndani ya lile sanduku. Bernadeta naye alilia, na mama akadhani ni furaha ile ile.

Wakanywa chai kavu, kila mmoja anamvizia mwenzake aanze.

"Kiwandani kwenu bado wanachukua watu?" Bernadeta akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Wanachukua. Na ubalozini?"

"Wanachukua."

Vikombe havijaisha, hodi. Alikuwa Mzee Kamugisha, balozi wetu wa nyumba kumi, na mgambo wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Apolonia mwanangu, leo sina namna. Nani humu ana kazi?"

Wakajibu kwa pamoja.

"Dada yangu huyu, yuko ubalozini."

"Mdogo wangu huyu, ni msimamizi kiwandani."

Wakageukiana.

Mgambo mmoja akanyoosha mkono. "Vitambulisho."

Hakuna aliyekuwa nacho. Mama anasema alipouona uso wa dada yake alielewa kwamba hakuna ubalozi wala tiketi, na hofu iliyomshika ilizidi ile ya lori.

Bernadeta akafungua sanduku. Mlikuwa na nguo mbili na karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa barua ya utambulisho aliyoandikiwa na Mzee Kamugisha mwenyewe kabla hajasafiri, na mhuri wa tawi la chama chini yake.

"Mzee, hii nimeionyesha Montevideo nzima. Wale Wazungu waliniacha. Nimegonga milango miezi mitano, naomba hata kufagia. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuisoma. Nauli ya kurudi nimelipiwa na parokia ya huko."

Mzee Kamugisha akainamisha kichwa. Lakini lori lilikuwa linasubiri, na kitambulisho hakikuwepo.

Walikaa ubavu kwa ubavu juu ya lile lori. Walipoupita mji, Bernadeta ndiye aliyeanza.

"Kwa nini uliacha kazi, Apolonia?"

"Si uliniandikia nije? Nikakuomba tiketi."

"Hiyo barua haikunikuta. Na mie niliandika karibu. Mtu akiandika barua si lazima aseme karibu?"

"Na wewe ulirudi kwa nini?"

"Uliniambia nafasi ipo."

Walikata mkonge miaka miwili. Mie nilizaliwa huko huko. Kiwandani nafasi ya mama alishapewa mwingine, hakuipata tena, hadi leo amezeeka.

Nimeandika haya kwa sababu juzi mdogo wangu aliyeko nje kaniuliza hali. Nilishaanza kumwandikia kwamba mambo ni moto, ofisi mpya, aje tushirikiane. Nikafuta. Nikamwambia sina kazi tangu Machi.

Ndugu yako akikuuliza hali, mwambie hali ilivyo. Anaweza kuacha kazi kwa kukuamini.