Zuhura kamchongea bibi yake kwa daktari

Zuhura wangu sasa hivi kashika kikombe kitupu, kajifanya anakunywa, kakunja uso, halafu: kho kho kho!

Jamani, huo mchezo ndio uliomuumbua bibi yake leo hospitali 😂

Mama mkwe alianza kunywa dawa ya mizizi kutibu maumivu ya magoti. Magoti yakatulia, kikohozi kikavu kikaanza. Kilima cha hapa kwetu akikipanda, anasimama njiani kutafuta pumzi.

Leo wakampiga picha ya kifua.

"Bibi, mapafu yamevimba," daktari akasema. "Kuna dawa unatumia nyumbani?"

"Situmii kitu, mwanangu."

Mganga aliyempa hiyo mizizi alimwambia dawa ikitajwa inapoteza nguvu. Mimi nikainama, nikafunga kamba za viatu. Nilivaa ndala!

Nyie mngesema? Mkwe ni mkwe.

Zuhura akachukua kikombe cha daktari, akaigiza yote. "Bibi anakunywa dawa hivi!"



Daktari akauma midomo asicheke. "Bibi, huenda hiyo ndiyo inayokuumiza. Iache kabisa, uniletee niione. Ukiacha mapema, nina matumaini utapona."

Mkwe akamkazia macho mjukuu. "Wewe mtoto, nani kakutuma?" Kisha akacheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Nikafurahi, nikajua yameisha. Kufika nyumbani namsikia, "Leo nitakunywa nusu tu, ya kuagia."

Thubutu! Chupa nimeshaificha, kesho inaenda kwa daktari. Hapo nilipoiweka hata Zuhura hajui. Iko nyuma ya

"Mama Zuhuraaa! Chupa yangu iko wapi?"

Abee mama, nakuj