Seva Isiyoitika Hodi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa taipureta asiyependa taipureta. Chuo chetu kilikuwa Umoja, ghorofa ya kwanza, juu ya bucha, na mpaka leo nikisikia shoka likipasua mfupa naweka vidole vyangu tayari kwenye herufi za katikati. Mwenye chuo alikuwa mama mmoja wa Ukambani, karani mstaafu, ambaye sote tulimwita Madam. Alianza na taipureta peke yake, halafu akanunua kompyuta zilizochokwa na maofisi ya mjini, akazipanga kwenye meza ndefu na kuzifunika vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni kwake.

Kompyuta moja ilizidi nyingine nguvu kidogo. Hiyo ndiyo niliyoiomba na kuiweka kwenye kona iwe seva, yaani ile inayohudumia nyingine: wanafunzi wakibonyeza, ombi linakwenda kwake kwa waya, nayo inawarudishia ukurasa. Intaneti hatukuwa nayo. Hata simu ya chuo Madam aliifunga kwa kufuli, ufunguo ukakaa kifuani mwake.

Kitabu cha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nilikipata kwa wauza mitumba ya vitabu kule mjini, kikiwa na sidii yake ya programu bado imebandikwa nyuma ya jalada. Nilikisoma mpaka kikaachana na gundi. Kisha, kwa kuwa programu isiyo na kazi ni kelele tu, nikaandika ukurasa wa salamu. Anayekumbuka redio ya siku zile hahitaji kuelezwa. Watu walikuwa wakinunua kadi, wakaandika majina ya jamaa na marafiki tangu Huruma hadi Bungoma, wakakaa roho juu wakingoja mtangazaji azisome. Ukisalimiwa, sharti ujibu. Ukisahau kumtaja mtu, mtaonana makaburini. Mimi nikawapa wanafunzi salamu bila kadi wala mtangazaji, mmoja anaandika kwenye mashine yake na wote wanasoma, na kwa wiki moja nikawa mtu mashuhuri pale chuoni.

Nilimwendea Madam nikiwa nimevimba kichwa. Nikamwambia nataka darasa la kufundisha kuandika programu.

"Jumamosi wazazi wanakuja kuona chuo," akasema bila kuinua macho. "Hizo salamu zako zikienda vizuri mbele yao, nitafungua hilo darasa na utalifundisha. Zikikwama, hiyo mashine inarudi kwa wanafunzi wa kuchapa, na wewe utarudi nayo."

Angeniambia hivyo wakati mwingine, ningecheka. Lakini mama yangu, aliyekuwa akiwauzia chai na mandazi wafanyabiashara wa mbuzi kule Kiamaiko, alikuwa amenitafutia kazi ya ukarani katika kiwanda cha blanketi kupitia kwa mzee mmoja wa kanisa letu. Mzee alitaka jibu Jumapili, baada ya ibada. Kwa mama, kucheza na kompyuta ya kwenye kona hakukuwa kazi. Mimi mwenyewe nilijua kwamba bila darasa lile sikuwa na la kumjibu, na kwamba nikishaingia kwenye blanketi sitatoka.

Na seva ilikuwa ikizima kila siku.

Haikuzima asubuhi, nikiijaribu peke yangu. Peke yangu ilikuwa na adabu zote. Ilizima darasa likijaa. Ukurasa ulianza kuchelewa, kisha diski ikaanza kukoroma kama inayosaga mawe, kisha kimya. Kwenye kioo cha seva kukatokea maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha kwamba mashine haina uwezo wa kuzaa mtoto mwingine kwa sasa, jaribu tena baadaye. Sitanii. Programu yangu niliiandika hivi: kila ombi likija, seva inazaa nakala yake ndogo ya kulihudumia, na nakala hiyo wataalamu wanaiita mtoto. Mtoto anasoma salamu zote kuanzia ya kwanza, anazipanga, anapeleka ukurasa, anajifia. Watoto wachache hawana neno. Wakizidi, memori, yaani nafasi ya mashine ya kufanyia kazi, inaisha, mashine inaanza kutumia diski badala ya memori, na diski ni mzee wa magongo.

"Ni memori," akasema mwalimu mwenzangu. Huyu alikuwa kijana wa Kakamega, sauti kubwa, moyo mkubwa zaidi, na alikuwa na hakika kuhusu kila jambo. "Ongeza memori tu, itatulia. Hii kitu ina njaa."

Madam alinung'unika lakini akatutuma Eastleigh. Tuliuliza duka baada ya duka, tukapita kwenye mablanketi, manukato na redio, mpaka tukapata kijana aliyekuwa na vipande vya memori kwenye kopo la maziwa ya unga. Tuliporudi, mwenzangu aliniachia heshima ya kuvichomeka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama na sketi yangu ya pasi, nikatoka chini ya meza na utando wa buibui kichwani huku darasa zima likipiga makofi.

Seva ilidumu kidogo zaidi ya jana. Kisha ikakoroma, ikanyamaza.

"Labda iko na njaa sana," akasema mwenzangu.

Nilimwangalia kwa jicho ambalo hakulisahau upesi. Kisha nikajaribu kinyume chake: nikaiwekea seva kikomo, izae watoto wachache tu kwa wakati mmoja, wengine wangoje zamu. Kwenye kitabu jambo hilo lilionekana la busara. Darasani likawa balaa, kwani sasa mashine haikuzima lakini haikusema kitu pia. Watu walikodolea macho vioo vyeupe.

"Sasa hii nayo imelala?"

"Mimi nimefinya, haisemi kitu."

"Finya tena, buda. Finya na nguvu."

Mwenzangu akaja na wazo jingine: tupunguze salamu, seva isome zile za juzi na jana peke yake, za zamani tuzitupe. Hilo lingefanya kazi, na nilikasirika kwamba halikuwa langu. Tukampelekea Madam. Alivua miwani.

"Wale waliosalimia kwanza wamewakosea nini?"

Wazo likafia hapo. Hata yeye alikuwa amewasalimu dada zake wanne wa Machakos siku ile ya kwanza, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona kompyuta.

Siku mbili kabla ya Jumamosi nilirudi nyumbani Huruma jioni nikiwa nimekata tamaa. Nikakaa kitandani na kitabu changu, nikafungua ukurasa wa watoto wa seva, nikazama. Mama alikuwa ameenda bombani, nyuma ya nyumba, kusuuza sufuria za chai. Sijui ilikuwa saa ngapi jirani yetu, mama mmoja wa Busia, alipofika mlangoni.

"Hodi!"

Nilimsikia. Nikajisemea nimalize mstari huu kwanza.

"Hodi hapa!"

Nimalize tu mstari.

"Hodi jamani! Wenyewe mpo?"

Basi nikaanza kutafuta kiatu kimoja, nikidhani anayesikia mtu akihangaika ndani atangoja. Yeye hakusikia kuhangaika, alisikia kimya. Akagonga kwa ngumi. Akazunguka dirishani, akaita jina langu. Mama wa chumba cha pili akatoka kumsaidia kuita, na wa tatu akaja kuuliza nani amezirai, na kufumba na kufumbua wapangaji wa ploti nzima walikuwa mlangoni petu wakipiga hodi kwa mikono na miguu. Nilipofungua, kiatu mkononi, jirani alikuwa ameshaanza kumwomba Mungu. Shida yake ilikuwa chumvi.

Mama, aliyekuja mbio kutoka bombani na sufuria mkononi, alinisubiri mpaka wakaondoka.

"Mtu akipiga hodi, unafanya nini?"

"Nilikuwa navaa kiatu, mama."

"Sikukuuliza kiatu. Sema karibu! Karibu inasemwa hata ukiwa umelala, hata ukiwa na moto mkononi. Mtu akishaitikiwa atakaa pale nje mpaka asubuhi. Asipoitikiwa atabomoa nyumba, na hana makosa."

Aliendelea kunigombeza, lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kusikia. Nilicheka peke yangu, kosa ambalo lilimwongezea mama dakika kadhaa za maneno.

Kesho yake nikasimama nyuma ya darasa. Wiki nzima nilikuwa nimeitazama seva. Siku hiyo nikatazama mikono ya watu. Mwanafunzi alibonyeza. Akangoja kiasi cha mtu aliyesimama mlangoni. Akabonyeza tena. Akangoja. Akabonyeza mara ya tatu, akamgeukia jirani yake, na jirani kwa wema wake akambonyezea. Nani angewalaumu? Ni watu waliolelewa vizuri. Hakuna mtoto wa mitaa yetu ya Eastlands anayepiga hodi mara moja akaenda zake. Huo ni utovu wa adabu. Ila kila hodi ilizaa mtoto mpya kule kwenye kona, naye akaanza kusoma salamu zote tangu dada za Machakos, wakati kaka zake watatu bado wanazisoma kwa ajili ya mtu yule yule. Memori ya Eastleigh ilikuwa imeongeza nafasi ya kupigia hodi. Kikomo changu kiliwafungia watu nje na kuwanyamazia. Laiti ningekuwa nafundisha watu wasio na adabu, seva ile ingeishi miaka mingi.

Dawa ilikuwa mistari michache. Kwanza nikakiondoa kile kikomo. Kisha nikahakikisha kwamba ombi likiingia tu, kabla mtoto hajagusa salamu hata moja, anaandika neno moja na kulipeleka pale pale bila kungoja maneno mengine: KARIBU. Chini yake: Salamu zinakuja, keti. Ndipo aende akasome kwa raha zake. Kasi ya kusoma haikuongezeka hata chembe. Mwenzangu alisema hiyo si dawa, ni maneno matamu. Nikamwambia angoje.

Jumamosi wazazi walikuja na nguo za kanisani. Mama yangu alitoka Kiamaiko moja kwa moja, leso kiunoni, akinukia moshi. Nilitamani ningemtuma nyumbani kwanza, nikaona aibu kwa kutamani hivyo. Madam, bila kujua ni nani, akamketisha kwenye mashine ya mbele, nyingine zikajaa, na mwenzangu akawaonyesha wote pa kubonyeza. Wote wakabonyeza kwa pamoja. Diski ikaanza kunguruma.

KARIBU.

"Asante," mama akaiambia kompyuta, kwa sauti. Akaiachia ile mausi ya kubonyezea, akarekebisha leso, akaegemea kiti na kutulia. Chumba kikacheka, lakini nilipotazama mstari mzima, wazazi wote walikuwa wameondoa mikono. Mzee mmoja hata kofia alivua. Diski ilinguruma kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, haikukoroma, na salamu zikashuka kwenye vioo, za Machakos zikitangulia. Mwenzangu alinipiga ngumi ya furaha begani, nayo iliniuma mpaka Jumanne.

Madam hakuwa mtu wa kusifu. Alipita nyuma yangu akasema, "Katafute chaki zako mwenyewe. Za darasa la kuchapa sikupi."

Jumapili, baada ya ibada, yule mzee alitungoja kwenye ngazi za kanisa. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha na hotuba: maana ya programu, faida zake, heshima zangu kwa kiwanda cha blanketi, na ombi la msamaha kwa mama ambaye alijishusha kwa ajili yangu. Nikavuta pumzi. Mama akanitangulia.

"Mzee, tunashukuru sana," akasema. "Ile nafasi mpe mtoto wa mtu mwingine. Huyu wangu ana kazi."

Alikuwa hajawahi kuiita kazi. Hotuba yote ikaniyeyukia mdomoni, nikalia pale pale mbele ya waumini, na mama akanifinya mkono akaniambia niache upuuzi, watu wanatutazama.