Mwanamke Aliyeosha Goti Langu

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nakujibu: sikuwa nimekunywa hata maji. Kiu ndiyo iliyonisimamisha pale. Wala haikuwa usiku, useme niliona kichaka nikadhani ni mtu. Ilikuwa mchana, jua la utosi, huku kwetu Singida, mwaka ule tulipoacha matembe yetu tukahamia kijiji cha ujamaa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na laiti yangempata mwingine.

Nilikuwa kijana, nimeoa, na goti langu la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Lilianza kwa kuuma kidogo nikiinuka, likajaa, mwisho likakataa kukunjika. Usiku nilikuwa nang'ata blanketi ili majirani wasinisikie. Mke wangu, Monika, ndiye aliyekuwa miguu yangu. Asubuhi anakwenda shamba la kijiji, analima sehemu yake, kisha analima na yangu. Jioni maji, kuni, ugali, halafu ananibeba begani kunipeleka chooni. Watu walishaanza kuniita kupe. Yeye hakuniita.

Mganga wa zahanati akasema goti limechafuka ndani, lazima likapasuliwe hospitali mjini, na huenda likishapasuliwa lisikunjike tena. Monika akahangaika kwa balozi wa nyumba kumi mpaka akanipatia nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka alizeti. Siku lori lilipofika, nilifanya nini? Nilipanda punda nikatoroka. Ndiyo, cheka tu. Mwanaume mzima anakimbia kisu juu ya punda! Na njia nzima nilikuwa namlaani mke wangu, kana kwamba kisu hicho angekishika yeye.

Nilipofika kwenye korongo la mchanga, punda akagoma. Nikampiga, akagoma. Mbele yetu kulikuwa na mwanamke wa makamo amepiga magoti, anachimba kisima mchangani, kama wanawake wetu wanavyofanya kiangazi. Unachimba, unakomba tope unamwaga, unakomba tena, mpaka maji yanakuja meupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka unywe."

"Siwezi kushuka, mama. Goti."

"Nimeliona. Shuka."

Niamini, mpaka leo sijui nilishukaje. Nakumbuka tu mgongo wangu uko kwenye mchanga wa moto na kata ya maji iko mdomoni.

"Vua hiyo kaptula," akasema.

Kaptula ilikuwa imelibana paja kwa ule uvimbe. Niliona haya kidogo, lakini nilishamdhani mganga, na mganga ni mganga, si ndiyo? Nikavua. Nikajifunika shati, na shati lenyewe lilikuwa fupi. Akauchukua mguu wangu akaulaza mapajani mwake. Mikono yake ilikuwa ya baridi katika jua lile. Kidole gumba cha kulia kilikuwa hakikunjiki. Nilikiona vizuri, maana ndicho alichokuwa akinibonyezea goti, akitafuta mahali.

Akachukua mwiba wa mgunga, akatoboa tundu upande huu wa goti, na jingine upande wa pili. Matundu madogo, ya kupita unyoya tu. Na kweli akachomeka unyoya wa kanga, lile shina lake lililo wazi ndani, akajaza maji mdomoni, akapuliza. Maji yakaingia huku yakatokea kule, mazito kama togwa, na ndani yake vipunje vyeupe kama chenga za mchele. Akajaza tena mdomo, akapuliza tena. Alikuwa analifanyia goti langu kazi ileile aliyokuwa anakifanyia kisima.

Nililia. Nilimshika nguo nikaivuta. Nilijamba pia, tena si mara moja, nakwambia ukweli mtupu. Hakugeuza uso.

"Nyumbani hawajambo?" akaniuliza. Nadhani alitaka kunisahaulisha maumivu.

"Hawajambo."

"Na mwenzako?"

Kwa maumivu yale na hasira niliyotoka nayo nyumbani, nikamjibu, "Huyo ndiye aliyenifikisha hapa. Anataka nikakatwe. Nikipona namrudisha kwao."

Akanyamaza. Mdomo wake ulikuwa umejaa maji, nikadhani ndiyo sababu. Kisha akapuliza, na maji yakatokea upande wa pili meupe kabisa. Akayaziba matundu kwa udongo.

"Kunja mguu," akasema.

Nikakunja. Ukakunjika! Nikasimama, nikavaa kaptula yangu, nikamfuata punda ili nimpe yule mama angalau kibuyu changu cha asali. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Kisima kipo, maji yamejaa. Mchangani kulikuwa na alama za kwato za punda, alama ya mgongo wangu na nyayo zangu. Za mtu mwingine hazikuwepo. Utadhani niliogopa? Sikuogopa. Furaha ya goti haikuniachia nafasi ya kuogopa.

Monika alikuwa anasonga ugali. Aliponiona naingia kwa miguu yangu, mwiko ukamponyoka. Nikamsimulia kwa majigambo, ila lile neno langu juu yake nikaliruka. Nilipofika kwenye kidole, akanishika mkono.

"Kidole gani?"

"Gumba. Cha mkono wa kulia."

"Hakikunjiki kabisa?"

"Kabisa."

Akakaa chini. "Huyo ni mama," akasema.

Mama yake alikuwa amekufa kabla hatujahamia kijijini, na kaburi lake tuliliacha kule kwenye mahame yao. Utaniuliza, ulimwoaje binti bila kumjua mama yake? Basi wewe si wa kwetu. Kwetu mkwe hatazamwi. Nikimwona njiani naingia porini, naye anajifunika nguo, tunapishana kila mtu na woga wake. Miaka yote ile sikuwahi kuuona uso wake wala vidole vyake. Hata sauti yangu alikuwa hajawahi kuisikia. Tukiwa na neno tunamtuma mtu.

Na leo mguu wangu mtupu umelala mapajani mwake! Nikalikumbuka lile shati fupi. Nikaukumbuka ule upepo ulionitoka. Haki ya Mungu, ardhi ingepasuka ningetanguliza kichwa.

Mila inataka mtu aliyemvunjia mkwe heshima apeleke kondoo na alitaje kosa lake kwa mdomo. Nikapeleka. Nikasimama mbele ya wazee wa upande wa mke wangu, nikasema. Kaka yake Monika akaniuliza taratibu, "Shemeji, kaptula uliivua yote?" Nikasema yote. Mzee mmoja akatoka nje, nikamsikia anacheka mpaka anakohoa. Waliobaki hawakucheka, na hao ndio walioniumiza zaidi. Mpaka leo nikienda ukweni nakaa karibu na mlango.

Lakini hiyo si aibu kubwa. Aibu kubwa ni ya jioni ileile niliyorudi. Monika aliniuliza, sauti ya chini, "Aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Ukamwambiaje?"

Wewe ungesemaje? Nikamwambia, "Nilisema hujambo, na unanitunza vizuri."

Akafurahi, jamani. Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Usidhani alikuja kwa ajili yako," akasema, wala hakuwa na ubaya. "Alikuja kunipunguzia mzigo."

Baada ya hapo alikuwa akienda kuteka maji kule korongoni, japo kijijini bomba lilikuwepo. Anakaa, anachimba, anangoja, anarudi. Hakumwona hata siku moja. "Wewe uliyekatazwa kumtazama ndiye uliyemwona," aliwahi kuniambia. Mara nyingi nilitaka kumweleza ukweli, nikaishia kumsifia mboga.

Kwao sikumrudisha, ningemrudishaje? Tulizeeka pamoja, na goti halikuuma tena. Daktari mmoja aliona hivi vialama viwili, akaniambia kwamba siku hizi kwenye hospitali kubwa wanatoboa vitundu hivihivi na kuosha goti kwa maji. Nikamwambia najua. Hakuniuliza nimejuaje, nikamshukuru Mungu.

Basi sikia. Gari la hospitali likija kukuchukua, panda. Daktari si ndugu yako; ukilia mbele yake, ukajamba mbele yake, yanaishia palepale. Ukitoroka, atakuja kukutibu mtu mwingine, na hujui ni mama wa nani. Kabla hujafungua mkanda, muulize ukoo wake. Na akiulizia mwenzako, kama huna jema la kusema, lia tu.

Monika alifariki mwaka juzi. Yuko na mama yake sasa, na watu waliopotezana miaka mingi hawakosi mazungumzo. Kwa hiyo anajua. Watoto wangu wakiniona naamka usiku nakaa kitandani, wananiambia, baba, usiogope kufa. Kufa siogopi. Naogopa kuwaamkia hao wawili.