Sindano Aliyoleta Mkwe

Nyumbani kwetu Mshangano, mama na mkwe wake, kwa heshima ya ukwe, hawakai chumba kimoja. Shemeji, mume wa dada, akija kutoka Nalasi anaketi sebuleni, mama anahamia jikoni, na maneno yanapitia kwangu. Nimebeba salamu nyingi mno kwenye korido ile. Ningelipwa nauli ningekuwa na ghorofa tatu.

Jumamosi moja alifika na chupa ya chai iliyojaa barafu, ndani yake kiboksi cha dawa. Alikuwa ameshampitia jirani yetu, nesi mstaafu, wakaja pamoja, na nesi alikuwa ameshanawa mikono.

"Shemeji, mpelekee mama shikamoo yangu. Mwambie mafua yake yamekwisha, inshallah. Hii imetengenezwa kwa tezi ya ndama. Inarudisha kinga ya ujana."

"Tezi gani?"

"Thaimasi."

Kichwa changu kikawaka kama taa za uwanja wa mpira. Nilimaliza kidato cha nne shule ya jioni nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu, na mada ile niliipenda kuliko ubwabwa. Thaimasi inakaa nyuma ya mfupa wa kifua. Ndiyo kambi ambamo seli changa za kinga hufundishwa kumtambua adui na kumwacha mwenyeji. Mtoto anayo kubwa. Mtu akizeeka inasinyaa, inageuka mafuta. Kwenye kiboksi cha shemeji kulikuwa na peptidi, vipande vidogo vya protini kutoka tezi hiyo, eti vya kuwaamsha askari upya.

Tatizo ni hili. Askari wa mama hawakuwa wamelala. Walikuwa wameasi. Ana ugonjwa wa viungo ambamo kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe, na daktari anampa vidonge vya kuituliza. Ndiyo maana mafua hayamwachi.

Nikakimbilia jikoni.

"Nimesikia," mama akasema. "Nitachomwa."

"Mama, ile inaamsha kinga! Daktari anaituliza!"

"Ametoka Nalasi na barafu mkononi. Nikikataa, dada yako atasemwa ukweni mpaka aote mvi. Mwambie nesi aje huku."

Niliporudi, nesi alikuwa ameshavunja kichupa, anavuta dawa. Nikasimama mlangoni mwa korido, nimetanua mikono kama golikipa. Moyo ulidunda nikadhani trekta linapita uani.

"Pisha, baba," nesi akasema.

"Sipishi."

"Hee! Shule ya jioni imekupa na udaktari?"

"Haijanipa. Sijui itamfanya nini. Na wewe hujui. Unajua vidonge anavyomeza?"

Nesi akamgeukia shemeji. "Anameza nini?"

"Si vya mafua?" shemeji akajibu, macho sakafuni.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Mwili wa mama mkwe hauzungumzwi mbele ya mkwe, basi miaka yote tulimtajia mafua tu, na yeye, kwa upendo, akayatafutia dawa mpaka akaipata. Nikafungua mdomo nieleze, ulimi ukagoma. Mimi ninayeweza kusimulia mechi ya dakika tisini kwa saa nne! Nesi akapiga hatua, sindano juu.

Nyuma yangu nikasikia kandambili. Mama alinisukuma kwa kiwiko, akapita, kanga kichwani, akaingia sebuleni. Shemeji akaruka kutoka kwenye kiti, akaugeukia ukuta.

"Geuka, baba," mama akasema. "Tazama."

Alinyoosha mikono. Vidole vimepinda, vifundo vimevimba. Kikombe anakishika kwa viganja viwili. Shemeji aligeuka polepole, akaitazama kwa muda mrefu.

"Si mafua," mama akasema. "Kinga yangu ndiyo inayonila. Natumia dawa za kuizuia."

"Mama, sikuambiwa."

"Sasa nimekuambia mimi."

Nesi akaifunika sindano, akairudisha mezani, akaanza kukusanya pamba zake bila kumtazama mtu.

"Daktari wako yupo lini?" shemeji akauliza.

"Jumatatu."

"Basi sirudi Nalasi kwanza. Jumatatu twende wote, na kiboksi hiki akione. Akisema nikitupe, nitakitupa mbele yako."

Shemeji akarudi kitini; mama akavuta chake, akaketi kumkabili, goti kwa goti. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimeziba mlango usio na mtu wa kupita.

"Nenda kapike wewe," akaniambia. "Mimi nina mgeni."